Kwa nini chama cha Rais wa Marekani huchapwa karibu kila uchaguzi wa katikati ya muhula?

#1 Kapeto wa Ubungo

Wakuu, habari za muda huu.

Novemba 3, 2026 Wamarekani wanarudi kwenye sanduku la kura, miaka miwili tu tangu wamchague Rais. Nafuatilia chaguzi hizi tangu enzi za Clinton na kuna jambo linajirudia: chama kilichoko Ikulu huchapwa karibu kila mara. Tangu Roosevelt aingie madarakani mwaka 1933, ni mara tatu tu chama cha Rais kimeongeza viti vya Baraza la Wawakilishi katikati ya muhula: 1934, 1998 na 2002. Nyingine zote ni kilio. Mwaka 1994 chama cha Clinton kilipoteza viti 54, na Wademocrat wakanyang'anywa Baraza walilolishika miaka 40 mfululizo. Hata Spika wao, Tom Foley, aliangushwa kwenye kiti chake mwenyewe. Obama 2010 viti 63. Trump 2018 viti 40 hivi.

Hoja yangu: hakuna kipimo cha hasira ya mwananchi kilicho sahihi kuliko hiki. Rais hayumo kwenye karatasi ya kura, lakini anayehukumiwa ni yeye. Mwenye maelezo mengine aje na ushahidi.

#2 Mama Ashura

Nimekaa mkao wa kusoma. Ila mleta mada, wengine hatujui hata kinachochaguliwa ni nini kama Rais hayumo. Tuanzie hapo.

#3 Mwalimu Mstaafu

Mama Ashura, kwa kifupi. Wenzetu wana vyama vikubwa viwili, Wademocrat (wa kina Clinton, Obama na Biden) na Warepublican (wa kina Reagan, Bush na Trump), na mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435 na wote huchaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Seneti ina watu 100, wanakaa miaka sita, lakini hawaondoki kwa mkupuo: kila miaka miwili theluthi moja hivi ndiyo inarudi kwa wapiga kura. Rais ana miaka minne. Kwa hiyo katikati ya muhula wake Baraza lote na theluthi ya Seneti vinapigiwa kura yeye akiwa bado ofisini. Juu ya hapo kuna magavana 36 na mabunge ya majimbo yaliyo mengi. Siku yenyewe ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba.

Wenyewe walipanga hivyo makusudi. Baraza la Wawakilishi lilitakiwa lihisi joto la wananchi haraka, Seneti ichelewe. Ndiyo maana usiku mmoja unaweza kutoa majibu mawili. 2018 hiyo hiyo aliyoitaja Kapeto, Trump alipoteza Baraza lakini chama chake kiliongeza viti viwili vya Seneti, kwa sababu viti vingi vilivyokuwa vinagombewa mwaka ule ni vya Wademocrat, baadhi katika majimbo yanayompenda Trump kama North Dakota na Missouri. Sasa hasira ya mwananchi hapo utaisoma kwenye chumba kipi?

#4 Kijana wa Mbale

Shikamoo Mwalimu. Si ndiyo uchaguzi ule aliochaguliwa Mamdani wetu mzaliwa wa Kampala?

#5 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapana mwanangu. Zohran Mamdani alichaguliwa meya wa jiji la New York Novemba 4, 2025. Ule ni uchaguzi wa mwaka usiogawanyika kwa mbili, Bunge la taifa halikuwemo. Lakini siku hiyo hiyo Virginia na New Jersey walichagua magavana, wakashinda Abigail Spanberger na Mikie Sherrill, wote Wademocrat. Virginia ina historia inayomsaidia mleta mada: tangu 1977, chama kilichoshika Ikulu ya Washington kimeshindwa ugavana wa Virginia kila mara, isipokuwa 2013.

#6 Mbeba Box wa Columbus

Niko Ohio huu mwaka wa kumi na kitu, nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kapeto nakuheshimu ila hapa umesoma namba bila kuwaona watu.

Wananchi hawabadili mawazo kiasi hicho. Wengi wanakaa nyumbani. 2008 Obama alipogombea, walijitokeza watu zaidi ya asilimia 60 ya wenye haki ya kupiga kura. Miaka miwili baadaye walishuka mpaka kwenye 40 hivi. 2014 ikawa asilimia 36 na ushee, chini kuliko uchaguzi wowote wa aina hiyo tangu 1942, nchi ikiwa vitani. Hao waliopungua si watu waliomchukia Obama. Ni vijana, wapangaji wanaohama kila mwaka, watu wa zamu mbili. Ghalani kwetu wakati ule kulikuwa na kina dada waliomlilia Obama kwa furaha aliposhinda. Novemba 2014 nikawauliza, mmepiga kura? Wakaniuliza, kura gani?

Jumanne ni siku ya kazi. Mstari mrefu, watoto wa kufuata shuleni, bosi hana habari. Anayefika kituoni siku hiyo ni mstaafu na mwenye hasira. Mwanazuoni Angus Campbell wa Michigan aliliandika hili tangu 1960: uchaguzi wa Rais unaleta mafuriko ya watu wasio na mazoea ya siasa, na mafuriko yakikauka, chama kilichofaidika nayo kinabaki na matope. Kwa hiyo unachokiita hasira, kwangu ni pengo la waliobaki majumbani.

#7 Nyota ya Kaskazini

Mkuu wa Columbus, umeeleza vizuri 2010 na 2014, lakini 2018 inakupinga. Mwaka ule nusu ya wenye haki walipiga kura, kiwango cha juu kuliko uchaguzi wowote wa katikati kwa karne nzima. Vijana walijitokeza. Wapangaji walijitokeza. Na bado Rais alichapwa. Kama tatizo ni watu kubaki nyumbani, basi walipotoka nje Rais angepona.

#8 Mbeba Box wa Columbus

Walitoka wa upande mmoja zaidi, dada. Upande wenye donge ndio unaotoka. Bado ni hesabu ya nani katoka na nani hajatoka.

#9 Kapeto wa Ubungo

Sasa Mbeba Box umekuja upande wangu bila kugonga hodi. Donge ni nini kama si hasira?

#10 Wakili wa Kwale

Mabibi na mabwana, mnagombana nyumba ya jirani. Hebu fikirini uwezekano wa tatu: mtu hana hasira wala hajabaki nyumbani. Anataka tu kupunguza makali.

Kuna wapiga kura wa katikati wanaomwona Rais anavuta upande wake kwa nguvu, nao wanamwekea Bunge la upande wa pili ili asifike mbali. Hawataki aondoke. Wanataka ajadiliane. Angalieni 1990: Bush mkubwa hakuwa amechukiwa, tena chama chake kilipoteza viti 8 tu, lakini kilipoteza vilevile. Eisenhower naye alipendwa mno na bado 1954 alipoteza mabaraza yote mawili. Kama ni hasira, mtu unayempenda unamkasirikia kila baada ya miaka miwili?

Maelezo haya yana faida moja ambayo ya kwenu hayana. Yanaeleza kwa nini adhabu inampata hata Rais mwenye uchumi mzuri.

#11 Nyota ya Kaskazini

Wakili, hilo linadai mpiga kura awe na mahesabu makali sana. Watu wengi hawajui hata chama kipi kinaongoza Seneti. Utasawazishaje mizani usiyojua imeinama wapi?

#12 Wakili wa Kwale

Hawahitajiki wote. Jimbo likiamuliwa kwa asilimia mbili, hao wawili katika mia ndio wanaotosha.

#13 Fundi Bei

Mmezunguka sana. Ni bei ya mafuta na mkate. Profesa Edward Tufte mwaka 1975 alikaa na takwimu akaonyesha mambo mawili yanatosha kukadiria kipigo: Rais anakubalika kiasi gani, na mifuko ya watu imetuna au imekonda. 1982 Reagan alikuwa na ukosefu wa ajira uliopita asilimia 10, akapoteza viti 26. 2010 Obama alikuwa na ukosefu wa ajira zaidi ya asilimia 9, akapoteza 63. 1998 uchumi ulikuwa unachanua, Clinton akaongeza vitano licha ya kashfa yote ile. Mengine ni mapambo.

#14 Mama Ashura

Hapa Fundi Bei umenigusa. Mimi muuza vitenge, siasa zote nazipima sokoni.

#15 Nyota ya Kaskazini

Fundi Bei, 2022 je? Mwezi Juni mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, wa juu kwa miaka 40. Biden alikuwa hakubaliki. Kwa hesabu yako alitakiwa azikwe. Chama chake kilipoteza viti 9 tu vya Baraza na kikaongeza kimoja Seneti, kile cha Pennsylvania.

Na sababu yake inarudi nyuma mpaka uchaguzi ule ule ambao kina dada wa ghalani hawakuujua. Naomba nieleze kwa urefu kidogo, maana hili jambo linaniuma.

2014, asilimia 36 ya watu wanapiga kura, Warepublican wanachukua Seneti. Watu wakaona ni uchaguzi mdogo umepita. Februari 2016 Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu anafariki. Mwezi Machi Obama anamteua Merrick Garland. Seneti ndiyo inayothibitisha majaji, na Seneti sasa iko mikononi mwa Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican. Akakataa hata kumsikiliza. Si kwamba walimpigia kura akashindwa, hawakumwita kabisa. Kiti kikakaa wazi mpaka Trump alipoingia na kumweka Neil Gorsuch. Halafu 2018 Warepublican wakaongeza Seneti kama alivyosema Mwalimu, na Oktoba 2020 wakamthibitisha Amy Coney Barrett siku chache kabla ya uchaguzi. Juni 24, 2022 mahakama hiyo ikafuta haki ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu 1973. Kura tano ziliifuta moja kwa moja, na kati ya tano hizo mbili ni za Gorsuch na Barrett.

Wanawake waliokaa nyumbani 2014 walitoka 2022. Hata Kansas, jimbo la kihafidhina, mwezi Agosti ule walipiga kura ya maoni wakakataa kuondoa ulinzi wa haki hiyo kwenye katiba yao, karibu asilimia 59 kwa 41. Novemba bei zilikuwa juu na watu bado hawakumzika Biden, kwa sababu wengi walikuwa wanaihukumu mahakama. Na mahakama ile ilitengenezwa na uchaguzi ambao theluthi mbili ya watu hawakwenda.

Kwa hiyo Kapeto, hicho unachokiita kipimo kinapima nini? Mwaka 2014 kilipima waliokuwepo. Matokeo yake yakawaangukia wote.

#16 Kijana wa Mbale

Dada Nyota umenifungua macho. Nilidhani majaji wanachaguliwa na Rais tu.

#17 Fundi Bei

Dada, nimekusoma mpaka mwisho. Ila angalia: 2022 Warepublican walipata kura nyingi zaidi nchi nzima za Baraza. Bei zilifanya kazi yake. Mahakama ilipunguza, haikufuta.

#18 Jicho la Mlima

Niaje wakuu. Nawasoma kutoka Kiambu, na nataka kuwaambia kitu kama hicho kimewahi kutokea kwetu, ijapo sisi hatuna uchaguzi wa katikati rasmi.

Novemba 21, 2005, miaka mitatu baada ya Kibaki kuingia, tulipiga kura ya maoni kuhusu katiba mpya. Ndizi ni Ndiyo, Chungwa ni La. La ikashinda kwa asilimia 58 hivi. Wengi hawakuwa wameisoma ile katiba. Walikuwa wanampa Kibaki alama. Siku mbili baadaye akavunja baraza zima la mawaziri, na alipoliunda upya kina Raila na Kalonzo, waliokuwa upande wa La, wakabaki nje. Chungwa la kampeni likawa jina la chama, ODM, na chama hicho ndicho kilichokabana naye 2007. Kila mtu anajua 2007 iliishaje.

Mfano wa pili, Julai 2021, uchaguzi mdogo wa Kiambaa. Hapa ni nyumbani kwa Uhuru, chama chake Jubilee kina kila kitu: chifu, magari, pesa. UDA ya Ruto ikashinda kwa kura 510. Tuliokuwepo tuliona wazi Mlima, yaani watu wa eneo la Mlima Kenya, umehama. Watu wa Nairobi kwenye runinga wakasema ni jambo la mtaa. Mwaka mmoja baadaye Mlima ukampa Ruto urais. Nilipiga kura siku ile Kiambaa, na nawahakikishia hakuna aliyekuwa anafikiria mgombea. Tulikuwa tunatuma barua.

#19 Wakili wa Kwale

Jicho la Mlima, tukubaliane kwamba uchaguzi mdogo ni kitu kingine. Jimbo moja, kiti kimoja, mbunge amefariki au ameondolewa. Kule Marekani ni nchi nzima kwa tarehe iliyojulikana kabla. Huwezi kulinganisha barua moja na sensa.

#20 Jicho la Mlima

Barua ilisomeka lakini.

#21 Mzee wa Serikali ya Mtaa

Kwetu Tanzania kilicho karibu ni uchaguzi wa serikali za mitaa, unaofanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 2014, 2019, 2024. Nimekuwa mjumbe, nausema ninaoujua. Desemba 2014 upinzani ulichukua mitaa mingi kuliko 2009, na 2015 Lowassa wa upinzani akapata karibu asilimia 40 dhidi ya 58 za Magufuli wa CCM. Kipimo kilifanya kazi. 2019 fomu za wagombea wengi wa upinzani zilikataliwa, vyama vikubwa vikajitoa, CCM ikapata zaidi ya asilimia 99. Hapo kipimo hakikupima kitu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uchaguzi unaonyesha hisia za nani, ulizeni kwanza nani aliruhusiwa kugombea na nani alichora mpaka.

#22 Mwana Forodhani

Mzee, hilo la mpaka ndilo nililokuwa nalisubiri. Wote mnasema "viti 63, viti 54" kana kwamba kiti ni kipimo cha kilo. Kiti kinategemea mstari.

Kila baada ya miaka kumi wanahesabu watu, kisha katika majimbo mengi bunge la jimbo linachora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Sasa 2010 ilikuwa mwaka wa sensa na uchaguzi wa katikati kwa pamoja. Warepublican walishinda mabunge ya majimbo mengi usiku ule ule Obama alipopoteza viti 63, na mwaka uliofuata wao ndio walioshika kalamu. 2012 Wademocrat wakapata kura zaidi ya milioni moja kuwazidi Warepublican katika kura zote za Baraza, na bado Warepublican wakabaki na viti 234 kwa 201. Hasira ya usiku mmoja wa 2010 ilifungiwa ndani ya ramani.

Na siku hizi hawasubiri hata sensa. Agosti 2025 Texas walichora upya kwa lengo la kuwapa Warepublican viti vitano zaidi. Novemba California wakajibu kwa kura ya maoni, wakapitisha ramani inayowapendelea Wademocrat. Wote wawili wanajiandaa kwa Novemba 2026. Wao wenyewe wanaamini historia ya Kapeto, ndiyo maana wanaikimbia.

#23 Kapeto wa Ubungo

Mwana Forodhani, hilo ni zito. Lakini mbona ramani zile zile za 2011 ndizo zilizotumika 2018, na Wademocrat wakabeba viti 40? Mstari unapunguza, ila wimbi likiwa kubwa linapita juu.

#24 Mwana Forodhani

Si zile zile zote. Pennsylvania mahakama ilifuta ramani ya 2011 mapema 2018 na kuchora nyingine. Florida na Virginia nazo zilichorwa upya kabla ya hapo. Wimbi lilisaidiwa.

#25 Muuguzi wa Njombe

Samahani naingia kwa mlango mwingine. Nafanya kazi kliniki ya tiba na matunzo, dawa zetu za kufubaza virusi kwa miaka mingi zimetegemea PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na Bush 2003. Zamani uliidhinishwa upya kila baada ya miaka mitano, vyama vyote viwili vinakubali, wala hatukusikia kelele. Baada ya uchaguzi wa 2022 Baraza likaenda kwa Warepublican, na Chris Smith wa New Jersey, aliyekuwa ameshika kamati ndogo inayohusu afya ya dunia na haki za binadamu, akauzuia akidai fedha zinawafikia wanaotoa mimba. Septemba 30, 2023 idhini ikaisha bila kuongezwa. Fedha ziliendelea, lakini mikutano yetu yote ilibadilika. Mipango ya miaka mitano ikawa ya miezi. Machi 2024 wakaongeza mwaka mmoja tu.

Nilikuwa nawaona wagonjwa wangu foleni, wengine ni wa tangu nimeanza kazi, na najiuliza kama yule mpiga kura wa Marekani anajua kura yake imefika Njombe.

#26 Fundi Bei

Pole sana dada na hongera kwa kazi. Ila hilo la misaada kukatwa si Trump 2025?

#27 Muuguzi wa Njombe

Hayo ni mawili tofauti. Januari 20, 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa amri yake siku aliyoapishwa. Ninachokisema mimi kilianza kabla yake, na kilitoka bungeni.

#28 Mwalimu Mstaafu

Ahsante Muuguzi. Na si mara ya kwanza. Baada ya 1994 Jesse Helms wa North Carolina akawa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti, mtu ambaye misaada kwa nchi zetu aliiona ni fedha za kutupa. Wenyeviti wa kamati ndio wanaogeuka uchaguzi ukigeuka. Magazeti yanaandika viti, kazi inafanyika kwenye kamati: nani anaita mashahidi, nani anakalia muswada.

Lakini nataka kuwapa jambo linalonisumbua. 2006 Wamarekani walikuwa wamechoka na vita vya Iraq. Walikipiga chama cha Bush, wakampa Nancy Pelosi uspika, mwanamke wa kwanza. Kesho yake tu ikatangazwa kwamba Waziri wa Ulinzi Rumsfeld anaondoka. Mtu angesema ujumbe umefika. Januari 2007 Bush akatangaza kuongeza askari zaidi ya elfu 20 Iraq. Sasa hisia za umma ziliathiri sera au ziliathiri waziri?

#29 Jicho la Mlima

Mwalimu, hiyo ni Kibaki 2005 kabisa. Alifukuza mawaziri, mwelekeo akabaki nao.

#30 Mbeba Box wa Columbus

Na kuna linalowachanganya zaidi wanaosema huu uchaguzi unatabiri. Hebu angalieni. Truman alipoteza mabaraza yote 1946, akashinda urais 1948. Eisenhower akapoteza 1954, akashinda 1956. Reagan akapoteza viti 26 mwaka 1982, miaka miwili baadaye akazoa majimbo 49 kati ya 50. Clinton 1994 na 1996 mnajua. Obama 2010 na 2012 mnajua. Upande wa pili: Carter alipoteza viti 15 tu 1978, akang'olewa 1980. Bush mkubwa 8 tu, akang'olewa 1992. Biden 9 tu, na chama chake kikapoteza Ikulu 2024. Waliochapwa sana walisimama, waliochapwa kidogo walianguka.

#31 Nyota ya Kaskazini

Trump 2018 alichapwa sana na 2020 akaanguka.

#32 Mbeba Box wa Columbus

Ndiyo, huyo yumo. Lakini hao wote niliowataja?

#33 Wakili wa Kwale

Hii inaungana na hoja yangu vizuri. Bunge likishachukuliwa, Rais anapata mtu wa kugawana naye lawama. Spika Newt Gingrich alipoingia na Warepublican wake 1995, serikali ikafungwa mara mbili kwa kugombania bajeti, na wananchi wakamlaumu yeye kuliko Clinton. Clinton akasogea katikati, akatia saini sheria ya kubana misaada ya ustawi 1996, akashinda. Mizani tayari imekaa sawa, mpiga kura hana sababu ya kumwondoa.

#34 Fundi Bei

Au uchumi ulipona. 1984 ulipona, 1996 ulipona. 1980 na 1992 haukupona machoni pa watu. Siyo lazima tumshirikishe Gingrich.

#35 Kijana wa Mbale

Je, ni Marekani tu wenye hivi?

#36 Mwana Forodhani

Hapana. Ufilipino wanao, na Argentina pia, wao huchagua nusu ya wabunge na theluthi ya maseneta kila miaka miwili. Na Argentina ndiyo iliyonifanya niache kuamini utabiri. Septemba 7, 2025 mkoa wa Buenos Aires ulichagua bunge lake, chama cha Rais Milei kikashindwa kwa zaidi ya pointi 13. Watu wakaandika amekwisha. Oktoba 26 nchi nzima ikapiga kura na chama chake kikaongoza kwa asilimia 41 hivi. Majuma saba tu. Na wapiga kura wa mkoa ule nao walikuwemo. Wengine wanasema waliogopa sarafu kuporomoka, wengine wanasema mabilioni ya dola yaliyoahidiwa na Washington, wengine wanasema waliokaa nyumbani safari hii ni wapinzani.

#37 Kapeto wa Ubungo

Umeona, hata huko hoja ni zile zile tatu. Mimi bado nasimama na hasira. 1974 Nixon amejiuzulu Agosti, Ford akamsamehe Septemba 8, Novemba Warepublican wakapoteza viti karibu 50. Hapo nani anieleze habari za watu kubaki nyumbani au kusawazisha mizani? Ile ilikuwa hasira safi.

#38 Wakili wa Kwale

1974 nakuachia. 1954 nirudishie.

#39 Mama Ashura

Nimesoma yote na chai imepoa. Swali langu kwa Mbeba Box: wewe mwenyewe Novemba unachagua nini huko Ohio? Au nawe ni zamu ya usiku?

#40 Mbeba Box wa Columbus

Mama, nilipata uraia, nimejiandikisha, na huku unaweza kupiga kura mapema kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo sina kisingizio. Karatasi yetu safari hii ni ndefu. Kuna kiti cha Seneti kilichoachwa na JD Vance alipokuwa Makamu wa Rais, aliyeteuliwa kukikalia ni Jon Husted na sasa lazima kipigiwe kura. Kuna ugavana, Gavana DeWine anamaliza mihula yake miwili. Kuna Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kuna jaji wa Mahakama ya Juu ya Ohio, kuna mjumbe wa Baraza, kuna bunge la jimbo. Dada Nyota, nitakwenda na wale wa ghalani. Safari hii nimewaanza mapema, na tayari wawili wameniuliza jaji huyo wa jimbo anafanya nini. Kama una maelezo mafupi ya kuwapa, niwekee hapa.

#41 Nyota ya Kaskazini

Waambie katika miaka ya karibuni majaji hao walifuta ramani za Ohio zaidi ya mara moja, na ramani hizo hizo bado zikatumika 2022. Wakikuuliza iliwezekanaje, niite, nitaandika usiku.